Hodi ya Oktoba 31

Katika kijiji cha Uingereza tunamoishi familia chache za Kiislamu zenye asili ya pwani ya Afrika Mashariki, jioni ya Oktoba 31 haijifichi. Milangoni huwekwa maboga yaliyochongwa macho na meno, taa ikiwaka ndani. Madirishani huning'inia mifupa ya plastiki. Watoto waliojivika uzuka hubisha hodi nyumba hadi nyumba wakiomba peremende.

Ni mkesha wa sikukuu ya Kikristo ya Watakatifu Wote, na wengi huunasibisha na Samhain, msimu wa kale wa Ayalandi. Huko zilichongwa tanipu. Boga lilishika nafasi hiyo Marekani.

Sisi hatupambi wala hatuwatumi watoto wetu kuzunguka. Katika hilo hatuna shaka. Lakini mwaka jana tulizima taa, tukaketi kizani nyuma ya pazia, ilhali aliyekuwa akipita nje na mjukuu wake ni jirani yule yule aliyetuletea supu siku za uzazi. Binti yetu wa miaka saba akanong'ona: “Baba, kwani tumemkosea nani?” Hatukuwa na jibu.

Mwaka huu taa hatuzimi. Kwa desturi ya hapa, aghalabu nyumba isiyo na boga haibishwi hodi. Juma lililopita tulimwendea jirani na sahani ya visheti, tukamweleza kwa nini mlango wetu hautakuwa na pambo. Alisikiliza, akala kimoja, kisha akauliza iwapo mjukuu wake aweza kuja siku ya Idi.