Mstari Mzima na Mstari wa Vipande

Treni ya SGR inayotoka Dar es Salaam kwenda Dodoma huwarudisha abiria wake nyuma kwa zaidi ya miaka bilioni 2.5, wala hakuna anayewatangazia. Pwani unaanzia kwenye chokaa ya matumbawe na mchanga ambao kwa hesabu za kijiolojia ni wa juzi tu. Vilima vya Pugu ni mawe ya mchanga yenye kaolini, udongo mweupe unaotengenezewa vyombo vya kauri. Ukikaribia Ngerengere unavuka miamba ya mashapo, mingine ya enzi za dinosaria na mingine ya kabla yao. Morogoro inakupokea na Uluguru, mabaki ya mizizi ya safu ya milima iliyojikunja miaka milioni 640 hivi iliyopita: miamba iliyopikwa zaidi ya kilomita 30 chini ya ardhi, ikapandishwa, ikamomonyolewa yote iliyokuwa juu yake hadi ikaonekana. Baada ya mahandaki ya Kilosa unapanda taratibu mpaka Dodoma, na hapo unashukia juu ya itale za kitovu kikongwe cha bara, kilichokuwa kimeshatulia kabla hakijazaliwa kiumbe chochote chenye mfupa.

Nimeanza na njia hiyo kwa sababu kila matokeo ya kidato cha sita yakitoka, wazazi huniuliza swali moja: huyu mtoto akisoma jiolojia, atapata dhahabu? Jibu langu huwaudhi kidogo. Wengi wa wahitimu hawatagundua mgodi wowote maishani mwao. Watakachopata, kama chuo kimefanya kazi yake, ni uwezo wa kusimama mahali kama Ngerengere au Kilosa na kusema ni nini kilicho chini ya miguu yao, kilifikaje hapo, na wana uhakika kiasi gani. Hicho cha mwisho ndicho kigumu kuliko vyote, na ndicho kinachoitofautisha shahada hii na kozi ya kukariri majina ya mawe.

Mwaka wa kwanza huwakatisha wengi tamaa. Kijana anakuja akitarajia nyundo na milima, anakutana na kemia, fizikia na hisabati. Waliosoma tahasusi zenye hisabati, PCM na PGM, huvumilia, waliotoka CBG hukimbizana na hesabu. Wala hapana njia ya mkato hapo. Fuwele ya madini ni kemia iliyojipanga kwa ulinganifu, na tetemeko la ardhi ni fizikia ya mawimbi. Umri wa mwamba nao ni hesabu ya kuoza kwa urani kuwa risasi, na anayeogopa logarithimu ataendelea kuuchukua umri huo kwa imani, kama msomaji yeyote wa gazeti.

Kisha yanakuja madini yenyewe. Mwanafunzi anapewa trei ya vipande visivyo na majina na kuambiwa avitambue. Rangi humdanganya mapema, kwani kwatzi moja inaweza kuwa nyeupe, ya waridi, ya zambarau au ya moshi. Anajifunza kukwaruza: ukucha una ugumu wa 2.5 hivi kwenye kipimo cha Mohs, kioo 5.5, kwatzi 7. Anadondoshea tone la asidi hafifu, na jiwe likitoa povu kwa nguvu anajua ameshika kalisaiti, madini yanayojenga mawe ya chokaa na marumaru. Anapima uzito kwa kiganja. Anajifunza kuona namna jiwe linavyopasuka, maana ulanga huachana kurasa kwa kurasa na kwatzi huvunjika ovyo kama chupa.

Lakini darasa ninalolipenda mimi ni la karatasi za miamba. Unachukua kipande cha mwamba, unakikata kwa msumeno wenye meno ya almasi, unakigundisha kwenye kioo kidogo, kisha unakisaga kwa unga mkali na maji mpaka kibaki na unene wa milimita 0.03. Unywele wa mtu ni mnene kuliko hapo. Kwa unene huo hata jiwe jeusi hupitisha mwanga. Utajuaje umefika? Hakuna rula itakayokusaidia. Unaweka kioo chini ya hadubini yenye vichujio viwili vya mwanga vilivyokingamana, unatafuta chembe za kwatzi. Zikiwa za manjano, bado ni nene, rudi ukasage. Zikiwa za kijivu kinachoelekea weupe, acha hapo hapo, kwa sababu ukizidisha mizunguko michache sampuli itayeyukia kwenye maji machafu na kazi ya siku nzima itakuwa imekwenda. Hapo sasa itale uliyoiona mlimani ikiwa na madoa mekundu na meusi inafunguka: feldispa yenye mistari ya pundamilia, ulanga unaobadilika rangi kila unapozungusha meza ya hadubini, na nyufa ndogo zinazoonyesha mwamba ulikamuliwa ukiwa tayari umeganda.

Yote hayo ni maandalizi. Mtihani wenyewe uko nje.

Katika mwaka wa kati au wa mwisho, mwanafunzi wa jiolojia hupelekwa kuchora ramani. Wenyewe huita kwenda fildi. Anapewa eneo, dira yenye kipima mwinamo, nyundo, lenzi ya mkono inayokuza mara 10, GPS, daftari na penseli. Anatembea. Kila mwamba unaochomoza anaugonga apate uso mpya, kwa kuwa uso wa nje umeshaharibiwa na mvua na jua. Analamba au kumwagia maji, anatazama kwa lenzi, anaandika. Anapima tabaka limeelekea wapi na limeinama nyuzi ngapi. Anaweka alama kwenye ramani, anaendelea.

Tatizo ni kwamba miamba haichomozi kila mahali. Shamba la mihogo limefunika huku, bonde la mto limejaa mchanga kule, kijiji kimejengwa katikati. Mwanafunzi ameona marumaru kwenye kilima cha mashariki na naisi, ule mwamba wenye milia myeusi na myeupe, kwenye kilima cha magharibi. Mpaka kati yao uko mahali fulani chini ya mihogo. Lakini ramani haikubali kuachwa wazi. Lazima mstari upite.

Hapo ndipo ilipo sheria iliyoipa safu hii kichwa chake. Mpaka uliouona kwa macho na kuukanyaga unachorwa kwa mstari mzima. Mpaka unaoukisia kutokana na dalili (rangi ya udongo imegeuka, kuna vipande vya marumaru kwenye matuta, mimea imebadilika) unachorwa kwa mstari wa vipande. Mpaka uliofukiwa kabisa unachorwa kwa nukta. Kila mwenye mafunzo atakayeifungua ramani hiyo miaka 40 baadaye atajua papo hapo wapi mchoraji alikuwa shahidi na wapi alikuwa mkisiaji.

Vijana hudharau jambo hili, na sababu yao inaeleweka. Ramani yenye mistari mizima inapendeza, inaonekana ya mtu aliyefanya kazi. Wengine huijaza jioni kambini, wamechoka, wakitaka mkufunzi aone hawakulala. Mkufunzi mzoefu hugusa mstari mmoja kwa kidole na kusema: nipeleke hapa kesho. Sijui adhabu iliyo fupi na kamili kuliko hiyo.

Wala si mambo ya darasani tu. Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania, GST, iliyoko Dodoma, ina ramani za nchi zilizogawanywa katika vipande vya nusu digrii kwa nusu digrii, kila kimoja na upande wa kilomita 55 hivi. Nyingi zilichorwa kwa miguu, enzi ambazo hakukuwa na GPS. Mwenye kutafuta dhahabu Geita, maji Singida au mahali pa kupitisha barabara huanzia hapo, na jambo la kwanza analotazama ni kama ule mpaka unaomhusu ulichorwa kwa mstari gani.

Tukiwa kwenye ramani, nimtaje mjiolojia Arthur Holmes. Alikwenda London mwaka 1907 akiwa na ufadhili wa kusoma fizikia, akachukua somo la jiolojia mwaka wa pili, likamteka, akahama huku wakubwa wake wakimshauri abaki. Mwaka 1911, akiwa na miaka 21, alichapisha umri wa mwamba mmoja wa Norway alioupima kwa urani na risasi: miaka milioni 370. Mwaka huo huo, akihitaji fedha, alikwenda Msumbiji kutafuta madini. Madini ya maana hakupata; alipata malaria iliyokaribia kumuua. Mwaka 1951 ndiye aliyeutambulisha Ukanda wa Msumbiji kama kitu kimoja, ile milima ya kale iliyojikunja ambayo Uluguru, Usambara na Upare ni sehemu zake. Huwatajia wazazi kijana huyo wanapolalamika mtoto amebadili kozi.

Na kazi je? Sitawapamba. Ajira ya utafutaji wa madini hupanda na kushuka na bei. Dhahabu ilipita dola 1,900 kwa aunsi mwaka 2011, na kufikia mwisho wa 2015 ilikuwa imeshuka hadi karibu 1,060. Bei ikianguka, kampuni hupunguza kwanza utafutaji, na utafutaji ndio uliokuwa umewaajiri wahitimu wapya. Anayesoma jiolojia kwa ajili ya dhahabu peke yake amefunga hatima yake kwenye soko asiloliona. Tena atakutana na ushindani asioutarajia: wachimbaji wa Mererani ambao hawajawahi kuketi darasa la jiolojia huufuata mkanda wa kinywe chini ya ardhi wakiitafuta tanzanaiti, na wanaufuata vizuri.

Kazi zisizosifiwa ndizo nyingi. Mahandaki ya reli kule Kilosa hayakutobolewa kwa kubahatisha. Kabla ya handaki, mashine ya uchorongaji hutoa mwamba kama fimbo ndefu ya duara, inayopangwa kwenye masanduku. Mjiolojia hukaa na masanduku hayo juani, anapima vipande. Tuseme amechorongewa mita 3. Anajumlisha urefu wa vile tu vyenye sentimita 10 au zaidi; vikifika mita 2.1, ubora wa mwamba ni asilimia 70, wa wastani. Vikifika mita 0.6 ni asilimia 20, na mhandisi ataambiwa aandae vyuma na zege mapema. Hesabu ya darasa la tano, lakini kuna watu watakaopita chini ya paa hilo miaka 100.

Au maji. Pembezoni mwa Mlima Meru utakutana na watu wenye meno ya kahawia, na wageni hudhani hawapigi mswaki. Ni floraidi iliyotoka kwenye miamba ya volkano na kuingia kwenye chemchemi na visima. Shirika la Afya Duniani linapendekeza isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Katika maeneo hayo vipo vyanzo vinavyopita hapo mara kadhaa. Huko Ngurdoto wamekuwa wakiyachuja maji kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Mjiolojia wa maji anaweza kuokoa meno na mifupa ya kijiji kizima kwa kuhamisha kisima kabla hakijachimbwa.

Au maafa. Desemba 3, 2023, maporomoko ya tope yalishuka kutoka Mlima Hanang na kufunika sehemu za mji wa Katesh, watu zaidi ya 80 wakafa. Kwa kuwa Hanang ni mlima wa volkano, uvumi ulienea kwamba umelipuka. Wataalamu waliokwenda walieleza jambo tofauti: sehemu ya mlima yenye miamba dhaifu ilifyonza maji ya mvua, ikashindwa kujishikilia, ikameguka. Mtaalamu wa aina hiyo hatengenezwi wiki ya maafa. Alikuwa fildi miaka kadhaa kabla, akijifunza kutofautisha alichokiona na alichokikisia.

Basi, kwa mzazi au kijana anayejaza fomu za chuo, Dar es Salaam, Dodoma, Nairobi au kwingineko, usiishie kwenye jina la shahada. Piga simu idarani. Uliza wanafunzi hukaa fildi wiki ngapi katika masomo yote, na kama kila mmoja huchora ramani yake au kumi hugawana moja. Uliza hadubini ni ngapi kwa darasa la watu wangapi. Uliza msumeno wa kukatia sampuli unafanya kazi au umeharibika tangu lini. Na uliza kama bodi ya mikopo inalipia fildi kwa wakati, kwa sababu nimewaona vijana wazuri wakikwama kambini kwa kukosa nauli na viatu.