Daktari akikuuliza kama uko "anxious", anakuuliza nini?

Leo tutaangalia neno moja la Kiingereza ambalo wengi wetu hapa Cheektowaga na Buffalo tunakutana nalo tukienda kwa daktari. Neno lenyewe ni "anxious", na hali yake huitwa "anxiety". Usipolielewa, unaweza kujibu "hapana" na kurudi nyumbani bila msaada uliouhitaji.

Maana zake ni mbili

Mwenzako kazini akisema yuko "anxious to" kukuona, ana hamu ya kukuona. Hakuna ubaya hapo. Lakini akisema yuko "anxious about" jambo fulani, jambo hilo linamtia hofu. Daktari anauliza juu ya maana hii ya pili: hofu isiyotulia, hata pale ambapo hakuna hatari mbele yako.

Neno limetoka wapi?

Asili yake ni Kilatini, kwenye kitenzi "angere", yaani kubana au kukaba koo. Neno "angina", ambalo ni maumivu ya kifua yanayotokana na moyo kukosa damu ya kutosha, ni ndugu yake.

Na sisi tunayo maneno ya namna hiyo. "Dhiki" imetoka katika Kiarabu, na huko maana yake ni ufinyu, kubanwa. "Wasiwasi" pia ni la Kiarabu, na asili yake ni kunong'ona. Waislamu wanalijua kutoka sura ya mwisho ya Kurani. Basi ukiunganisha maneno hayo mawili umepata ugonjwa wenyewe: mwili unabanwa, na ndani kuna sauti inayonong'ona kwamba jambo baya linakuja.

Kwa nini tunajibu vibaya?

Kwetu "wasiwasi" ni pia kushuku au kukosa imani. Mtu akiulizwa kama ana wasiwasi, anajibu haraka: "Hapana, namtegemea Mungu." Lakini mtu huyo huyo halali usiku, mabega yamekaza, anachoka upesi, anagombeza watoto bila sababu na moyo unamwenda mbio. Hizo ndizo dalili anazotafuta daktari.

Kliniki nyingi hutumia fomu ya GAD-7, iliyotolewa mwaka 2006. Ina maswali 7 kuhusu wiki 2 zilizopita, na kila jibu lina alama 0 hadi 3. Ukifikisha 10 au zaidi kati ya 21, inafaa uchunguzwe zaidi. Alama hizo peke yake hazisemi kwamba wewe ni mgonjwa.

Ufanye nini?

1. Eleza mwili wako. Sema kinachobana, tangu lini, siku ngapi kwa wiki, na kinakuzuia kufanya nini.

2. Omba mkalimani. Hospitali na kliniki zinazopokea fedha za serikali kuu zinatakiwa kukupatia mkalimani bila malipo, kwa mujibu wa Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964 na sheria ya afya ya 2010. Usimtumie mtoto wako. Kuna mambo mama au baba hatayasema mbele ya mwanawe.

3. Usiogope kuitwa mwendawazimu. Huu si wazimu, na unatibika kwa mazungumzo na mtaalamu, kwa dawa, au kwa vyote viwili. Sheria ya 1996 inalinda siri za matibabu yako, na kwa kawaida daktari hawezi kumpa mwajiri wako habari hizo bila ruhusa yako.

4. Maumivu ya kifua yakija ghafla, usijiambie "ni wasiwasi tu." Piga 911. Na ukiwa na mawazo ya kujidhuru, piga au tuma ujumbe 988, saa yoyote. Ukipiga simu, taja "Swahili" ili utafutiwe mkalimani.

Sala, ndugu na jamaa, na kikombe cha chai na jirani vinasaidia sana, na wala hakuna anayekuambia uviache. Lakini kama umebanwa kwa wiki nyingi, mwambie na daktari pia.