Uliza Kwanza, Amua Baadaye

Kila siku tunaamua mambo. Mkulima wa Mnyuzi anaamua kupanda mvua za kwanza zikinyesha, au kungoja. Kijana anaamua kwenda kukata mkonge, au kubaki na jembe nyumbani. Mama anaamua kumpeleka mtoto zahanati leo au kesho. Mambo mengine ni madogo. Mengine yakikosewa, nyumba nzima inalala njaa.

Je, tunaamua kwa njia gani? Wengine huamua kwa hasira. Wengine huamua kwa sababu jirani kafanya. Wengine husema, "Ndivyo tulivyozoea." Leo tutaeleza njia nyingine. Njia hiyo ni kuuliza maswali na kupima majibu.

Falsafa ni nini?

Neno falsafa lilianzia katika lugha ya Kigiriki, nasi tumelipata kwa Waarabu. Maana yake ni kupenda hekima. Watu wengi wanadhani falsafa ni kazi ya wasomi wa Chuo Kikuu. Si kweli.

Zamani sana huko Ugiriki, katika mji wa Athens, aliishi mtu aliyeitwa Socrates. Hakuandika kitabu hata kimoja. Kazi yake ilikuwa kukaa na watu sokoni na kuwauliza, "Unasema hivyo, umejuaje?" Wakubwa wengine walimchukia kwa maswali yake. Mwaka 399 kabla ya Kristo alihukumiwa kunywa sumu, akafa. Lakini swali lake halikufa. Hata wazee wetu wanasema: asiyeuliza hanalo ajifunzalo.

Methali hazituamulii

Methali ni hazina yetu, lakini haziwezi kuamua badala yetu. Moja inasema, "Haraka haraka haina baraka." Nyingine inasema, "Ngoja ngoja huumiza matumbo." Ipi ni ya kweli? Zote mbili, kila moja mahali pake. Mtoto akiwa na homa kali, usingoje. Mtu akikuletea karatasi ya kuuza shamba utie sahihi au dole gumba, usiharakishe. Isome kwanza. Kupima ni kazi yako wewe mwenyewe.

Maswali manne

Kabla ya kuamua jambo kubwa, jiulize:

1. Jambo lenyewe hasa ni lipi?
2. Anayesema hivyo amejuaje?
3. Kama ni kweli, ni nini kitakachofuata?
4. Nikikosea, nitapoteza nini?

Sasa tuyatumie maswali hayo.

Mbegu za fedha

Wengi wanakumbuka habari za DECI. Watu walihimizwa "kupanda mbegu", yaani kutoa fedha. Baada ya muda waliahidiwa "kuvuna" fedha nyingi zaidi. Watu wengi sana walipanda. Mwaka 2009 Serikali iliisimamisha DECI, na wengi hawakuvuna kitu. Mwaka 2013 Mahakama ya Kisutu, Dar es Salaam, iliwatia hatiani baadhi ya viongozi wake.

Je, waliopanda walikuwa wajinga? Hapana! Walikuwa na sababu. Mtu alisema, "Jirani yangu amelipwa, nimeona kwa macho yangu." Na kweli jirani alilipwa. Lakini swali la pili halikuulizwa mpaka mwisho. Fedha za kumlipa jirani zilitoka wapi? Hapakuwa na shamba wala kiwanda cha kuzizalisha. Wa kwanza alilipwa kwa fedha za waliokuja nyuma yake.

Haya, tuje kwenye swali la tatu. Chukua kalamu tupige hesabu. Tuseme kila aliyepanda ameahidiwa mara mbili ya fedha zake. Kumlipa mtu mmoja kunahitaji watu wapya 2. Kuwalipa hao 2 kunahitaji 4. Kuwalipa hao 4 kunahitaji 8. Endelea kuzidisha kwa mbili. Ukifika mara ya 10, wanahitajika watu 1,024. Mara ya 20, ni watu 1,048,576. Mara ya 26, ni watu 67,108,864. Katika sensa ya mwaka 2022 Watanzania wote, pamoja na watoto wachanga, walikuwa 61,741,120. Basi wapandaji wapya watatoka wapi? Ahadi kama hiyo lazima ikatike. Na ikikatika, wanaoumia ni wale waliokuja mwisho, nao ndio wengi.

Angalia jambo hili vizuri. Mtu hakuhitaji kujua siri za ofisi. Kuzidisha kwa mbili kungetosha. DECI imekwisha, lakini ahadi za namna hiyo bado zinakuja kwa majina mapya, siku hizi hata kwenye simu. Jina likibadilika, hesabu ni ile ile.

Tuuze au tungoje?

Sasa tuje nyumbani. Tuchukue mfano wa mume na mke waliovuna magunia 10 ya mahindi mwezi wa Agosti. Mnunuzi anatoa shilingi 50,000 kwa gunia. Watu wanasema mwezi wa Januari litafika 80,000.

Mume anasema, "Mama watoto, tuuze yote leo. Tuna deni la shilingi 100,000."

Mke anajibu, "Baba watoto, tungoje yote. Januari tutapata zaidi."

Wanaanza kugombana. Lakini jambo lenyewe hasa ni lipi? Familia yao inakula gunia 1 kwa mwezi. Kutoka Agosti mpaka mwisho wa Januari ni miezi 6. Kwa hiyo magunia 6 si ya kuuza, ni chakula. Walikuwa wakigombea magunia 10, kumbe ya kuamuliwa ni 4 tu!

Deni linalipwa kwa magunia 2. Yanabaki 2. Je, wayaweke? Hapo waulize, "Anayesema bei itapanda amejuaje?" Mara nyingi bei hupanda chakula kikipungua, lakini si kila mwaka. Mvua za vuli zikiwa nzuri, bei inaweza isifike huko. Tena yupo dumuzi, yule mdudu ambaye wengine humwita skania. Asipozuiwa, hugeuza mahindi kuwa unga ghalani.

Bei ikifika 80,000, watapata faida ya shilingi 60,000, ukitoa gharama ya dawa na kuhifadhi. Dumuzi akiyamaliza magunia hayo 2, watapoteza shilingi 100,000. Kama wanaweza kuvumilia hasara hiyo, na ghala lao ni zuri, wangoje. Kama hawawezi, wauze. Uamuzi wowote kati ya hiyo miwili ni wa watu waliofikiri. Na mwaka ukiwa mbaya, chakula cha watoto hakikuguswa.

Fikirini pamoja

Akili ya mtu mmoja huweza kupotea. Mwaka 1973 Tanzania ilikuwa na kampeni ya "Mtu ni Afya". Watu wapatao milioni 2 walikutana katika vikundi vya vijiji. Walisikiliza redio, walisoma vijitabu, kisha walijadili: Katika kijiji chetu ugonjwa unatoka wapi? Sisi wenyewe tufanye nini? Hawakuishia kwenye maneno. Walichimba vyoo na kufyeka majani kuzunguka nyumba. Mtu aliyeelewa sababu hahitaji kusukumwa.

Hata wewe unaweza kufanya hivyo. Usiamue jambo kubwa peke yako usiku. Zungumza na mkeo au mumeo. Uliza mtu asiyekubaliana nawe, maana huyo ndiye atakayeona shimo usiloliona. Andika sababu za kukubali upande mmoja wa karatasi, na za kukataa upande wa pili. Hiyo nayo ni faida ya kujua kusoma na kuandika.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Taja jambo moja mliloamua kijijini kwa sababu wengine walifanya. Matokeo yake yalikuwa nini?
2. Mtu anakukopesha shilingi 50,000 na anataka 65,000 baada ya mwezi mmoja. Ukikopa hivyo kila mwezi kwa miezi 6, utakuwa umelipa riba ya shilingi ngapi?
3. Tafuteni methali nyingine mbili zinazopingana. Kila moja inafaa wakati gani?