Kigiriki Kwanza, Mwiko wa Kuchimbia Baadaye

Katika vyuo vingi vya Marekani, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza huchagua kozi nne au tano za muhula unaoanza mwishoni mwa Agosti au mapema Septemba. Anayetaka kubobea katika akiolojia ya Ugiriki na Roma ya kale hukuta orodha ndefu: historia, sanaa, utangulizi wa akiolojia, jiolojia, Kilatini, Kigiriki cha kale. Kishawishi ni kukimbilia kozi zenye neno akiolojia kwenye jina na kuahirisha lugha. Hapo ndipo mpango unapoharibika. Swali la kujiuliza ni kozi ipi haiwezi kusubiri, na kwa asiyewahi kukisoma sekondari, jibu ni Kigiriki.

Sababu ya kwanza ni kalenda. Historia ya Roma ikikosekana muhula huu, itasomwa mwingine. Kigiriki hakiendi hivyo: sehemu ya kwanza kwa kawaida hufundishwa kuanzia Agosti au Septemba tu, ya pili hufuata Januari, na asiyefaulu ya kwanza haingii ya pili. Aliyekosa muhula mmoja amekosa mwaka mzima. Kwa kuwa huchukua takriban miaka miwili kuwasoma waandishi wa kale bila kushikwa mkono, anayeanza mwaka wa tatu huhitimu kabla lugha haijamfaa kitu. Tena foleni ni ndefu. Masomo ya uzamivu hudai Kilatini pia, pamoja na uwezo wa kusoma Kijerumani na Kifaransa, maana Wajerumani ndio walioanza uchimbaji mkubwa wa Olympia, Ugiriki, mwaka 1875, na Wafaransa ule wa Delphi mwaka 1892, na kila taifa liliandika ripoti kwa lugha yake.

Sababu ya pili imo ardhini. Wananchi wa Athens ya kale walikuwa na kura ya kumfukuza mwanasiasa mjini kwa miaka 10, kila mpigakura akikabidhi kigae kilichokwaruzwa jina la anayemkataa. Mwaka 1937, ndani ya kisima cha kale kwenye mteremko wa kaskazini wa kilima cha Acropolis, wachimbaji walikuta vigae takriban 190 vyenye jina la mwanasiasa Themistocles. Vingi vilikuwa vitako vya vikombe vya kunywea, na mwandiko ulipochunguzwa ulionekana kuwa wa watu 14 hivi tu. Inaelekea wapinzani wake waliviandaa mapema ili wavigawe. Asiyejua vyombo angeona majina matupu. Asiyejua herufi angeona vikombe vilivyovunjika.

Yapo mapingamizi ya haki. La kwanza ni kwamba maandishi huweza kumpotosha mchimbaji, na mchimbaji Heinrich Schliemann ndiye ushahidi. Alikijua Kigiriki na kumwamini Homer, mshairi aliyesimulia vita vya Troy, na mwaka 1873 huko Hisarlik, Uturuki, alikoutafuta mji huo, alitoa dhahabu akaiita hazina ya Priam, mfalme wa Troy. Baadaye ilibainika kuwa imetoka katika tabaka lililotangulia zama zinazohusishwa na vita vya Troy kwa zaidi ya miaka 1,000, na mtaro wake mkubwa ulikuwa umeharibu sehemu ya mji alioutafuta. Lakini Schliemann hakuponzwa na Kigiriki. Aliponzwa na kutojua kusoma matabaka ya udongo. Ndiyo maana kozi ya pili kwenye ratiba iwe utangulizi wa akiolojia.

Pingamizi la pili ni kwamba akiolojia ya leo ni maabara na kompyuta. Ni kweli, na mwanafunzi asiikwepe sayansi. Ila kozi za mwanzo za jiolojia na takwimu hutolewa mara kwa mara, na mafunzo ya kuchimba hufanyika zaidi wakati wa likizo ya kiangazi. Hivyo vinaweza kusubiri bila hasara.

Ratiba ya busara basi ni Kigiriki, utangulizi wa akiolojia, historia au sanaa ya Ugiriki, na kozi moja ya sayansi. Ya tano iachwe, kwa sababu Kigiriki hufundishwa karibu kila siku ya juma na hudai mazoezi kila jioni. Na ikiwa kufikia Desemba sarufi imemchosha kabisa, mwanafunzi atakuwa amelijua hilo akiwa bado na miaka mitatu na nusu ya kugeukia akiolojia ya sehemu nyingine za dunia, ambazo hazidai Kigiriki.