Hati Mkononi, Ukweli Daftarini

Anayetafuta nyumba Dar es Salaam au Mwanza huonyeshwa hati mapema. Muhuri upo, jina la muuzaji lipo, dalali anahimiza: kuna mteja mwingine anakuja jioni. Hapo ndipo wengi hutoa malipo ya awali. Nawasihi msitoe hata shilingi. Hati huweza kughushiwa, na hata iliyo halali haionyeshi lazima yote yaliyotokea tangu itolewe. Kumbukumbu za hayo ziko kwenye daftari la Msajili wa Hati.

Omba nakala ya hati, kisha wakili wako awasilishe maombi ya upekuzi kwa Msajili. Majibu yake yasome mstari kwa mstari. Jina la mmiliki lilingane na kitambulisho cha muuzaji. Namba ya kiwanja, kitalu na ukubwa vilingane na kilichopo ardhini, na kwa hilo mpeleke mpimaji akakague mawe ya mipaka. Tazama muda wa miliki: hati ya miaka 33 iliyoanza 1998 inakwisha 2031, na jambo hilo lina uzito kwenye bei. Angalia kama kuna rehani ya benki, au zuio lililowekwa na anayedai haki juu ya nyumba hiyo. Ulizia pia deni la kodi ya pango la ardhi.

Hata hivyo, daftari halisemi yote. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 59, inamkataza mwanandoa kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Sheria ya Ardhi ya 1999 nayo inamtaka mnunuzi aulize kama ridhaa hiyo ipo. Kwa hiyo mume akiuza nyumba iliyo kwa jina lake peke yake, mke akae mezani na kutia saini ridhaa yake mbele ya wakili. Mwenye jina akiwa amefariki, anayeuza awe msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Kuwa mtoto wa marehemu hakumpi mamlaka ya kuuza. Kama nyumba ina leseni ya makazi tu, kumbukumbu zake zitafute halmashauri, na uzungumze na majirani na viongozi wa mtaa.

Wakili awe wako, si wa dalali wala wa muuzaji. Hakikisha yumo kwenye orodha ya mawakili na ana leseni ya mwaka huu, kwani vishoka wanaojiita mawakili hawakosekani mitaani. Kazi yake haikomi kwenye kugonga muhuri mkataba. Ndiye anayefuatilia fomu za uhamisho, kibali cha Kamishna wa Ardhi, malipo ya kodi TRA na usajili wenyewe. Mwambie aandike kwenye mkataba kwamba sehemu ya bei itabaki mpaka jina lako liingie daftarini.

Asiyemudu gharama asikate tamaa. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria, nao wapo kwenye jamii zetu. Wafuate wakushauri kabla hujatia saini. Baada ya kusaini, swali ambalo hukuwauliza huenda ukalipeleka baraza la ardhi, ukiwa huna pesa wala nyumba.