Kuumwa na Nyoka wa Kufugwa: Kwa Nini Ngozi Huweza Kuugua Siku Kadhaa Baadaye

Mtu anapoumwa na nyoka aliyemzoea, hofu yake aghalabu haidumu. Akiona jeraha ni matone machache ya damu, uvimbe hauonekani na maumivu yamepoa kabla ya jioni, huhesabu kuwa jambo limekwisha. Siku kadhaa baadaye ngozi inapoanza kuwasha, kutoa vipele au kubadilika rangi, ndipo hujiuliza iwapo mambo hayo mawili yana uhusiano.

Jibu la kitaalamu ni kwamba uhusiano huo unaweza kuwapo. Athari za kuumwa na nyoka huweza kuchelewa kuonekana kwenye ngozi kwa saa kadhaa, kwa siku, na wakati mwingine hata kwa wiki mbili. Hata hivyo, kuchelewa huko hakutokani na sababu moja. Muda uliopita tangu mtu aumwe, aina ya nyoka na tiba aliyopewa ndivyo vinavyomwezesha mhudumu wa afya kutambua kinachoendelea na kuchagua tiba inayofaa.

Suala hili lina uzito wa pekee kwa wakazi wa Sigi, kwenye lango la Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani, wilayani Muheza mkoani Tanga. Hifadhi hiyo, iliyoanzishwa mwaka 1997 na kusimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS), ni sehemu ya misitu ya Usambara Mashariki inayofahamika duniani kwa viumbe wasiopatikana kwingine au wanaopatikana katika maeneo machache mno. Miongoni mwao wamo nyoka wawili wanaopaswa kufahamika kwa kila anayeingia msituni, anayelima kando yake au anayevutiwa na wazo la kufuga nyoka.

Wa kwanza ni nyoka mwembamba wa mitini ambaye wanasayansi humwita Thelotornis usambaricus, jina alilopewa mwaka 2001 kutokana na milima hiyo. Rangi yake ya kijivu na kahawia humfanya afanane na kijiti kikavu, na hutulia bila kutikisika kwa muda mrefu. Wa pili ni nyoka mdogo wa jamii ya kifutu aitwaye Atheris ceratophora, mwenye magamba yaliyosimama juu ya macho mithili ya vipembe. Udogo wa nyoka hawa, upole wao wa nje na uzuri wao ndio huwadanganya watu. Wote wawili wana sumu.

Nchini Tanzania, kukaa na nyoka si jambo geni. Katika Kanda ya Ziwa, chama cha ngoma cha Wayeye miongoni mwa Wasukuma kimejulikana kwa vizazi vingi kwa ustadi wa kucheza na chatu na kwa ujuzi wa dawa za nyoka. Bustani za nyoka, ikiwamo ile ya Meserani mkoani Arusha, hupokea wageni wa ndani na wa nje. Nje ya nchi, nyoka wa misitu ya Afrika Mashariki hutafutwa na wafugaji wa majumbani. Wanasayansi walipomtangaza nyoka mwingine wa jamii ya Atheris kutoka kusini mwa Tanzania mwaka 2011 na kumwita Atheris matildae, walificha makusudi mahali alipopatikana ili wakusanyaji wasimfuate. Mwaka 2016 Serikali ilipiga marufuku usafirishaji wa wanyamapori hai kwenda nje ya nchi.

Ili kuelewa kwa nini ngozi huchelewa kuonesha athari, ni vema kuzitazama sababu nne zinazofahamika kitabibu, kila moja na wakati wake.

Sababu ya kwanza ni maambukizi ya bakteria. Hii ndiyo hatari kuu kwa aliyeumwa na nyoka asiye na sumu, kama vile chatu. Kinywa cha nyoka kina bakteria wengi, na meno yake membamba yaliyopinda huweza kukatika na kubaki ndani ya nyama. Kwa kawaida siku moja hadi tatu baada ya tukio, mahali palipoumwa huwa pekundu, huwa na joto, huvimba na huweza kutoa usaha. Homa ikiambatana na hali hiyo, mgonjwa hapaswi kusubiri nyumbani. Vilevile, jeraha la aina hii humfanya mhudumu wa afya aulize kuhusu chanjo ya pepopunda, kwa kuwa tundu dogo lenye kina ni mahali pazuri kwa vijidudu vya ugonjwa huo.

Sababu ya pili ni kufa kwa ngozi na nyama kutokana na sumu yenyewe. Kifutu na swila mwenye kutema mate ni mifano inayojulikana zaidi Afrika Mashariki. Kwa kifutu, uvimbe na maumivu huanza mapema na malengelenge huweza kutokea ndani ya siku ya kwanza. Kwa swila atemaye, uvimbe hutangulia, kisha ngozi huanza kuwa nyeusi au kupauka, na eneo lililokufa huendelea kujidhihirisha siku hadi siku. Wakati mwingine doa jeusi hujitokeza mbali kidogo na alama za meno, likiacha ngozi nzima katikati, jambo linaloweza kumfanya mgonjwa adhani ni ugonjwa mwingine.

Sababu ya tatu ndiyo yenye hila zaidi, nayo inamhusu moja kwa moja nyoka wa mitini wa Usambara pamoja na ndugu yake wa mbali, nyoka wa mitini aitwaye Dispholidus typus. Sumu yao haishambulii sana mahali palipoumwa. Huingia katika damu na kumaliza taratibu vile viini vinavyoifanya damu igande. Kwa saa nyingi, pengine siku nzima au zaidi, mgonjwa huweza kujiona mzima. Kisha fizi huanza kuvuja damu, jeraha lililokwishakauka hutoka damu upya, mkojo hubadilika rangi, na ngozi hupata mabaka ya zambarau au meusi hata sehemu ambazo hazikuguswa na nyoka. Mabaka hayo ni damu inayovuja chini ya ngozi na yanahitaji hospitali bila kukawia. Hayafanani na mzio wa kawaida.

Historia ya sayansi imeacha mifano miwili ya kufundisha. Septemba 1957, mtaalamu wa wanyama watambaao Karl P. Schmidt wa jijini Chicago, Marekani, aliumwa na Dispholidus mchanga aliyekuwa akimchunguza. Alirejea nyumbani, akaendelea kuandika dalili zake kwa utulivu, na siku iliyofuata akafariki. Mwaka 1975, Robert Mertens wa Ujerumani, aliyekuwa miongoni mwa wataalamu wakubwa wa wanyama hao duniani, aliumwa na nyoka wake wa kufugwa wa jamii ya Thelotornis alipokuwa akimlisha. Alifariki baada ya siku 18. Wote wawili waliwafahamu nyoka kuliko watu wengi, lakini elimu hiyo haikuweza kuzuia sumu iliyokwisha kuingia katika damu.

Ikumbukwe kwamba kwa sumu ya nyoka wa jamii ya Thelotornis hakuna dawa mahususi ya kuiondoa nguvu. Dawa iliyotengenezwa nchini Afrika Kusini kwa ajili ya Dispholidus haiikabili sumu ya Thelotornis. Nyoka wa jamii ya Atheris nao hawana dawa yao mahususi. Mgonjwa hutegemea uangalizi wa karibu, kuongezewa damu au vijenzi vyake pale inapobidi, na muda wa mwili kujirekebisha. Kwa sababu hiyo, kuwahi hospitali kuna thamani kubwa zaidi kwa mkazi wa Sigi aliyeumwa na nyoka wa mitini.

Sababu ya nne haitokani na sumu bali na tiba. Dawa ya kukabili sumu ya nyoka hutengenezwa kwa kuchukua kingamwili kutoka katika damu ya farasi au kondoo waliozoeshwa sumu hiyo kidogo kidogo. Dawa hiyo huokoa maisha, lakini mwili wa binadamu huitambua protini ya mnyama kuwa ngeni na huandaa kinga dhidi yake. Maandalizi hayo huchukua siku. Hivyo, mara nyingi kati ya siku ya 5 na ya 14 baada ya kudungwa dawa, baadhi ya wagonjwa hupata vipele au mabaka yanayowasha, homa, maumivu ya viungo na kuvimba kwa tezi. Hali hiyo huitwa ugonjwa wa seramu.

Mgonjwa asiyeelezwa mapema juu ya jambo hili huweza kuamini kuwa sumu imerudi, au kwamba dawa ya hospitali imemdhuru, naye akakimbilia kwingine. Ukweli ni kwamba ugonjwa wa seramu kwa kawaida hutulizwa kwa dawa za kuzuia mzio na, inapohitajika, dawa za jamii ya steroidi kwa siku chache kwa maelekezo ya daktari. Kilicho muhimu ni mgonjwa kurudi kituoni na kueleza tarehe aliyoumwa na tarehe aliyopewa dawa. Aidha, kila aliyewahi kupata dawa hiyo anapaswa kuitaja endapo ataumwa tena, ili wahudumu wajiandae.

Kutokana na sababu hizo nne, kanuni moja inafaa kushikwa na kila kaya: kuumwa na nyoka hakuhukumiwi kwa sura ya jeraha katika saa ya kwanza. Mtu aliyeumwa na nyoka asiyejulikana kwa uhakika anapaswa kufikishwa kituo cha kutolea huduma za afya na kuwa chini ya uangalizi kwa angalau saa 24, hata kama hana maumivu. Anayedhaniwa kuumwa na nyoka wa mitini huhitaji muda mrefu zaidi. Hata pasipokuwa na maabara kubwa, wahudumu huweza kuweka damu kidogo katika chupa safi na kavu ya kioo kwa dakika 20. Damu ikishindwa kuganda, hiyo ni ishara kwamba sumu inafanya kazi ingawa ngozi bado ni safi.

Kabla ya kufika kituoni, mgonjwa atulizwe na kiungo kilichoumwa kisitikiswe. Pete, bangili na viatu vya kubana vivuliwe mapema. Mwisho wa uvimbe uchorwe kwa kalamu na saa iandikwe, ili mhudumu aone kasi ya kuenea kwake. Jeraha lisichanjwe, lisinyonywe wala kufungwa kamba kwa kukazwa, kwa kuwa kamba hiyo huweza kukiua kiungo ambacho sumu isingekiua. Jiwe la nyoka, linaloaminiwa na wengi, haliondoi sumu, na muda unaotumika kulisubiri hauwezi kurudishwa. Dawa za maumivu kama aspirini na diklofenaki ziepukwe kwa sababu huweza kuongeza kuvuja kwa damu. Nyoka asifukuzwe ili auawe. Picha iliyopigwa kwa simu kutoka mbali inatosha.

Kwa upande wa ufugaji, Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya Mwaka 2009 hairuhusu mtu kukamata au kumiliki mnyamapori bila kibali, na nyoka ni mnyamapori. Ndani ya Hifadhi ya Amani hairuhusiwi kumkamata wala kumtoa kiumbe yeyote bila idhini. Mwenye kibali cha bustani au shamba la wanyamapori anapaswa kuhakikisha kila anayemhudumia nyoka anafahamu jina lake kamili na hospitali ya kukimbilia.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu milioni 5.4 huumwa na nyoka kila mwaka, na kwamba kati ya 81,000 na 138,000 hupoteza maisha. Mwaka 2017 shirika hilo liliingiza madhara ya sumu ya nyoka katika orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahauliwa, na mwaka 2019 likatoa mkakati wa kupunguza vifo na ulemavu kwa nusu ifikapo mwaka 2030. Lengo hilo linategemea dawa na wataalamu, lakini linategemea pia uamuzi wa mtu mmoja mmoja wa kwenda kituoni angali anajiona mzima.

Wananchi wanakumbushwa kuwa vipele, mabaka, weusi wa ngozi au kidonda kisichopona, vikitokea ndani ya wiki mbili baada ya kuumwa na nyoka, ni sababu tosha ya kurejea kituo cha afya, hata kama nyoka huyo alikuwa wa kufugwa na hata kama jeraha la kwanza lilikwishasahaulika.