Fahamu: Fedha za Wahisani Mikononi mwa Wazee wa Muleba

Tangu mwaka 1983, wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walipotambuliwa mkoani Kagera, maradhi hayo yaliwafisha wazazi wengi wa Bukoba na Muleba, hata malezi ya mayatima yakawaangukia mabibi na mababu ambao, kwa desturi, ndio waliostahili kutunzwa. Rubya, wilayani Muleba, ilikuwa na hospitali ya Kanisa Katoliki ya kutibu wagonjwa. Riziki ya waliobaki nyumbani ilikuwa jambo jingine.

Mwaka 2003, huko Nshamba, wilaya hiyo hiyo ya Muleba, ulianzishwa mradi wa Kwa Wazee, ambao kwa ihsani ya wafadhili wa Uswisi huwapa wazee mafukara, walio wengi wanawake, pensheni ya fedha taslimu, pamoja na nyongeza kwa ajili ya watoto wanaowalea. Hapo ndipo ilipo hikima yake: bibi kizee hapokei kitu alichochaguliwa na mgeni, bali hukata shauri mwenyewe, iwe ni chumvi, sabuni au viatu vya shule. Wazee wakaunda na vikundi vya kusaidiana, ambavyo kwa rai yangu vina thamani kupita fedha yenyewe.

Tofauti na mradi huo wa wahisani, Zanzibar ilianza mwaka 2016 kuwalipa pensheni wazee wote waliotimu miaka 70 kutoka hazina ya serikali, haki ambayo sadaka ya wahisani peke yao haiwezi kumfikishia kila mzee wa Kagera.